Nyaraka za Taifa zije Ngongo, zisomwe kwa sauti

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niongee na Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, na papo hapo niongee na wananchi wenzangu wa Lindi na Mtwara. Nimefanya kazi ya masjala tangu usichana wangu hadi kustaafu, katika ofisi za umma za mikoa hii miwili, na sasa nakaa Mikindani. Ombi langu ni hili: katika maonyesho ya Nanenane yajayo, pale viwanja vya Ngongo, Idara ije na nakala za nyaraka zinazotuhusu watu wa Kusini, zichapishwe kwa maandishi makubwa na kutundikwa, na awepo msomaji wa kuzisoma kwa sauti, kwa Kiswahili, asubuhi mpaka jioni.

Nimeitaja Ngongo kwa kusudi. Hakuna mahali pengine ambapo mkulima wa Tandahimba, mvuvi wa Kilwa na mwalimu wa Nachingwea hukutana uwanja mmoja kwa hiari zao. Wanafuata miche ya mikorosho na utaalamu wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele, wanafuata zana za kilimo, wanaleta watoto waone mifugo na kupiga picha. Mtu huyo ukimwandikia barua ya kumwalika kwenye semina ya nyaraka, haji, na simlaumu. Lakini akiwa anapita zake na mfuko wa mbegu mkononi, mara akasikia kwenye kipaza sauti linatajwa jina la kijiji chake na jina la jumbe wa enzi za Mwingereza, atasimama tu. Pengine jumbe huyo ni babu wa mkewe.

Najua sisi watunza kumbukumbu tuna siku yetu, tarehe 9 Juni, ambayo Baraza la Kimataifa la Nyaraka liliichagua kwa kuwa ndiyo tarehe lilipoundwa, mwaka 1948. Haipiti muda inaingia Wiki ya Utumishi wa Umma, tarehe 16 hadi 23 Juni. Siku hizo ni njema na ziendelee. Ila mwezi Juni huku kwetu watu wako kwenye ufuta. Mwenye ufuta wake anawaza kukausha, kupepeta, kupeleka chama cha msingi na kusubiri mnada; hana nafasi ya kusikiliza habari za majalada. Mwezi Agosti ufuta umeshauzwa, korosho bado, na watu wana muda na wana hela kidogo ya nauli.

Sasa niseme kilichopo Upanga, Dar es Salaam, kwa kuwa wengi hawajui kwamba ni mali yao. Katika jengo la Nyaraka za Taifa kuna mafaili ya utawala wa Wajerumani, ambayo mwaka 1997 UNESCO iliyaingiza katika orodha yake ya Kumbukumbu ya Dunia. Kuna mafaili ya Sekretarieti ya Waingereza. Kuna vile vitabu vya wilaya ambavyo kila DC, yaani mkuu wa wilaya wa enzi za Mwingereza, alitakiwa kuviandika na kumwachia atakayemfuata: koo za watu, mipaka, mila, majina ya majumbe na maliwali, nani alirithi nani na nani alivuliwa cheo. Sheria ya Usimamizi wa Kumbukumbu na Nyaraka, Na. 3 ya mwaka 2002, inasema kumbukumbu ya umma ikitimiza miaka 30 mwananchi anaruhusiwa kuisoma. Sheria hiyo, pamoja na ile ya mwaka 2004 ya kuwaenzi waasisi wa taifa, zote zilipita wakati wa Rais Benjamin Mkapa, mtoto wa Lupaso, Masasi, ambaye kabla ya kuingia kwenye siasa alikuwa mhariri wa gazeti kama wewe. Kwa hiyo Kusini hatuombi fadhila.

Ruhusa ipo, lakini toka Mtwara mjini hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 550, na wa Newala ana zake za kuongeza. Nimewahi kuingia chumba cha kusomea cha Nyaraka za Taifa kwa shughuli za kikazi. Watumishi wa pale ni watu waungwana na wanaijua kazi yao. Waliokuwa wameinamia meza ni watafiti wa vyuo vikuu. Bibi wa Kitangari anayetaka kujua shamba la baba yake lilipimwa lini hawezi kufika pale, na hata akifika, faili lenyewe limeandikwa kwa Kiingereza, au kwa Kijerumani cha mkono ambacho Wajerumani wa leo wenyewe hujifunza kukisoma. Ndiyo maana nasisitiza kusoma kwa sauti. Maonyesho ya kutundika karatasi ukutani na kumwacha mtu azitazame yanamfaa aliyesoma. Msomaji mwenye sauti nzuri anamfaa kila mtu, na huku Kusini tumezoea kusikiliza.

Jambo hili si geni duniani. Pale Washington, Marekani, kila tarehe 4 Julai, Azimio la Uhuru wao la mwaka 1776 husomwa hadharani kwenye ngazi za jengo la Nyaraka za Taifa, watu wamejaa barabarani na watoto wao. Jengo hilohilo limewahi kulaza watoto usiku mmoja, na mikeka yao ya kulalia, ukumbini ambako hati hizo kuu zimehifadhiwa, ili wazizoee. Jirani zetu wa Nairobi, jengo lao la nyaraka liko Moi Avenue, katikati kabisa ya pilikapilika za mji, na ukumbi wa chini wameufanya maonyesho ya mkusanyiko wa Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais. Mtu ameshuka matatu, ana nusu saa mkononi, anaingia kuangalia. Sisi si lazima tuwe na jengo kama lile. Banda la turubai linatosha.

Swali ni zisomwe nyaraka gani. Mimi ningeanza na barua ya Machemba. Mwaka 1890 Hermann von Wissmann, kamishna wa Wajerumani, alimtaka Machemba, mtawala wa Kiyao katika uwanda wa Makonde, ajisalimishe. Machemba akamjibu kwa barua ya Kiswahili. Alimwambia kwamba amesikia maneno yake ila haoni sababu ya kumtii. Kama ni urafiki, yuko tayari leo na siku zote, lakini kuwa chini yake, hilo hapana. Wajerumani walihangaika naye miaka mingine kadhaa kabla hajavukia Msumbiji. Barua hii inasomwa vyuo vikuu vya ng'ambo, inatajwa katika vitabu vya historia ya Afrika nzima, na mtoto wa Newala anamaliza kidato cha nne hajawahi kusikia hata mstari wake mmoja. Nakala yake itafutwe, ikuzwe, itundikwe mlangoni mwa banda.

Halafu iko Majimaji, vita vya kuwapinga Wajerumani. Vita vilianzia kwenye vilima vya Matumbi, Nandete, mwezi Julai 1905, watu walipong'oa pamba ya kulazimishwa. Wenzetu wa Songea wana makumbusho yao na kila Februari wanawakumbuka mashujaa wao walionyongwa tarehe 27 Februari 1906, na serikali inakwenda, na ngoma zinapigwa. Nawapongeza kwa dhati. Sasa angalieni kalenda. Kinjikitile Ngwale, mganga aliyewapa wapiganaji maji ya dawa, alinyongwa tarehe 4 Agosti 1905. Maonyesho ya Nanenane huanza tarehe 1 na kumalizika tarehe 8 Agosti. Yaani siku aliyouawa Kinjikitile inaangukia katikati ya maonyesho, wakati uwanja wa Ngongo umejaa Wamatumbi, Wangindo, Wamwera, Wamakonde na Wayao, ambao mababu wa wengi wao waliguswa na vita hivyo. Ningeshauri tarehe 4 iwe ya Majimaji peke yake. Zisomwe taarifa za Wajerumani wenyewe, na baada yake zisomwe simulizi za wazee ambazo wanafunzi wa historia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walizikusanya vijijini mwaka 1968. Wazee wale walioona kwa macho yao wote wameshatangulia mbele ya haki. Kilichobaki ni yale maandishi ya 1968, na wajukuu wao hawajui kama yapo.

Kuna na mambo ya juzijuzi ambayo nayo yanayeyuka. Vijana wa Mtwara ninaowaambia kwamba treni ilikuwa inatoka bandarini hapa kwenda Nachingwea wananitazama kama nawatania. Ilikuwepo. Bandari yetu ya kina kirefu na reli ile vilijengwa kwa ajili ya mradi wa karanga wa Waingereza, ulioanza 1947 na kuachwa 1951 baada ya kumeza mamilioni ya pauni. Reli ikaendelea kidogo, kisha ikang'olewa miaka michache baada ya Uhuru. Leo tunapojadili reli ya Kusini kana kwamba ni wazo jipya, ingefaa watu wazione ramani za ile ya kwanza. Nachingwea hiyohiyo ndiko wapigania uhuru wa Msumbiji wa chama cha FRELIMO walikofundishwa, na Mei 1975 Samora Machel aliondoka huku, akavuka Ruvuma kurudi kwao kupokea nchi. Na Tendaguru nisiisahau: kati ya 1909 na 1913 watu wetu walichimba na kubeba zaidi ya tani 200 za mifupa ya mijusi wa kale, kichwani na mabegani, hadi bandari ya Lindi, chini ya msimamizi Boheti bin Amrani. Mjusi tunamjua sote kuwa yuko Berlin. Boheti tunamjua wangapi?

Kama kuna mtu anadhani haya ni ya kujifurahisha tu, nimkumbushe Aprili 2019. Tulitangaziwa kimbunga Kenneth, tukaambiwa tuhame maeneo ya mabondeni na kandokando ya bahari. Hapa Mikindani maji na nyumba vinatazamana. Vijana wengi walikataa kutoka, wakisema pwani yetu haijawahi kupigwa na kimbunga tangu dunia iumbwe. Wazee wa Lindi ndio waliosema hapana, mwaka 1952, mwezi huohuo wa Aprili, tufani iliingia Lindi, ikaezua na kuua. Nani aliwaamini? Hakuna aliyekuwa na karatasi ya kuonyesha. Kwa neema ya Mungu Kenneth akageukia Cabo Delgado, na wenzetu wa Msumbiji wakapata msiba. Taarifa za tufani ya 1952 zingekuwa zimewahi kutundikwa na kusomwa Ngongo hata mara moja, mabishano yale yasingekuwa na nafasi.

Naongeza ombi la pili, linalokwenda pamoja na hilo la kwanza. Banda likishasimama, liwe na meza ya kupokea makaratasi ya watu. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na mimi nimeona daftari lenyewe likipotea. Siku moja nilinunua karanga za kukaanga stendi, nikapewa kwenye kifungio cha karatasi kama kawaida. Nilipozimaliza nikaifungua ile karatasi, mikono yangu ina mazoea hayo. Ulikuwa ukurasa wa muhtasari wa mkutano wa halmashauri ya kijiji, umeandikwa kwa kalamu ya wino wa bluu, una mahudhurio, una ajenda ya mgawanyo wa mashamba, na chini muhuri na sahihi ya mwenyekiti na katibu. Mafuta ya karanga yalikuwa yamekula majina mawili ya mwisho. Nilimuuliza muuzaji akanionyesha bunda zima, amelinunua kwa kilo. Sitaitaja ofisi yalikotoka. Muuzaji hana kosa, alikuwa anatafuta riziki. Lakini kuharibu kumbukumbu za umma bila kibali cha Mkurugenzi wa Idara ni kinyume cha sheria ile ya 2002, na nina hakika aliyeliuza bunda lile hakuwahi kuambiwa hivyo na mtu yeyote. Angeambiwa wapi?

Majumbani ndiko kuna hazina zaidi. Nilipoanza kuzungumza na majirani habari hizi, jirani yangu mmoja mtu mzima alikwenda ndani akarudi na kopo la maziwa ya unga. Humo mlikuwa na kipande cha baba yake, aliyekuwa kibarua wa mkonge. Kwa wasiojua, kipande kilikuwa kadi ya kazi ya siku 30. Kila siku ukimaliza ngwe yako msimamizi anatia alama kwenye kijumba, na mshahara haupatikani mpaka vijumba vyote viishe. Kadi ile imekunjwa mara nne, kwenye mikunjo imeanza kuachana, imeshikwa na utepe wa plasta wa hospitali. Alama zimekwenda vizuri mistari miwili, kisha zinakatika na vijumba vilivyobaki ni vyeupe. Nikamuuliza jirani ilikuwaje. Akasema baba yake aliugua miguu, akarudi nyumbani kwa miguu hiyohiyo, na zile siku alizofanya hakulipwa. Familia imetunza kadi ile miaka yote kwa sababu mzee alikuwa akisema bado anadai.

Kadi kama ile haipo Upanga. Mafaili ya Upanga yameandikwa na waajiri na ma-DC. Upande wa kibarua uko kwenye makopo, kwenye makasha ya harusi, chini ya magodoro. Ziko stakabadhi za korosho za vyama vya ushirika vilivyokufa zamani, hati za ndoa za kadhi kwa herufi za Kiarabu, vyeti vya ubatizo vya misheni za Masasi na Ndanda, kadi za TANU, barua toka kwa ndugu waliokuwa Msumbiji wakati wa vita. Mchwa wa huku hawana subira, na unyevu wa bahari unafanya kazi usiku na mchana.

Wa kuifanya kazi hiyo tunao. Chuo cha Utumishi wa Umma kina kampasi hapa Mtwara na kinafundisha utunzaji wa kumbukumbu. Vijana wale wanamaliza masomo wakiwa wamekariri tofauti ya kumbukumbu hai, zinazotumika bado ofisini, na kumbukumbu tuli, ambazo hazitumiki tena mara kwa mara, na wengine hawajawahi kushika karatasi iliyozidi umri wa baba zao. Wapewe banda la Ngongo kama mafunzo ya vitendo. Wawili wapokee, mmoja aandike kwenye rejesta jina la mwenye mali, kijiji na maelezo yake, wengine wapige picha kwa mashine ya kuskani au hata kwa simu nzuri iliyosimamishwa juu ya meza. Pembeni akae mtu wa kuwarekodi wazee wanaotaka kusimulia. Mimi na wastaafu wenzangu kadhaa tuko tayari kukaa nao siku zote nane bila posho.

Kuhusu gharama nitasema kidogo. Nakala zinachapishwa kwenye mabango yaleyale ya plastiki tunayochapishia picha za harusi. Steshenari za Lindi na Mtwara zinafanya. Nyaraka halisi zibaki Upanga, tena nitakuwa wa kwanza kupinga zikiletwa, maana jua la Agosti, vumbi la Ngongo na jasho la vidole vitazimaliza. Hata huko Washington tangazo la Abraham Lincoln la kuwakomboa watumwa kwa miaka mingi lilikuwa likionyeshwa siku chache tu kwa mwaka, kwa sababu mwanga unaupausha wino. Na mabango yakishatengenezwa hayatupwi. Ngongo ikiisha yapelekwe Boma la kale la hapa Mikindani, yaende Newala, yaende Liwale, yakae shuleni wiki mojamoja. Halmashauri zetu zinapata ushuru wa korosho na ufuta. Mafuta ya gari moja la kubeba mabango haziwezi kushindwa.

Nina sharti moja ambalo naomba Idara na chuo walikubali kabla hawajafunga safari, kwa sababu nawajua watu wangu. Huku tumeona wageni wengi wakija kuchukua na kutorudisha. Kwa hiyo karatasi ya mtu isilale bandani. Ipigwe picha mbele ya macho yake, arudishiwe palepale mkononi, atie sahihi au dole gumba kwamba amerudishiwa, na apewe nakala moja ya bure aende nayo nyumbani. Mtu wa kwanza akionekana anatoka bandani na kadi ya baba yake mkononi na nakala yake safi juu, wa pili ataleta kasha zima.

Wako,
Mtunza Kumbukumbu Mstaafu,
Mikindani, Mtwara